Vitabu vya Liberia, na Kile Alichokiona Baba Yako Mdogo

Pasiansi,
Mwanza.
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Evelina,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako ilifika pamoja na barua, nami nimeipokea kwa mikono miwili. U mzima? Ule mguu uliokuwa ukivimba ukisimama zamu ndefu umetulia? Unakula chakula cha kushiba, au bado unajidanganya kwa chai? Umesema mvua za Monrovia hazijui kukatika. Hapa masika yamekwisha, ila ziwa limepanda mpaka bustani ya mchicha ya jirani yetu imekuwa makazi ya vyura.

Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako mdogo amevunjika mtulinga wa kulia na mkono wake umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Usishtuke. Nitakueleza alivyovunjika, maana ndiyo sababu jibu langu limechelewa wiki sita.

Kaka yako Jonathan amehamia Nyakato, karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Mkewe, Rose, amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili wana afya. Mtoto ana paji la uso la marehemu mama yako, lile pana. Nilipombeba nililigusa kwa kidole.

Sasa nije kwenye ulichoniomba. Umesema wodini kwako yuko mama mmoja ambaye mlango ukibamizwa hujitupa chini ya kitanda, na ukimuuliza ana nini, anakuambia leo kuna joto. Umesema wengi wako hivyo, wanacheka na kunyamaza. Ukaniuliza usome nini kuhusu Liberia ili uwaelewe watu unaowatibu. Nilifurahi. Nimeazimisha watu vitabu miaka thelathini katika maktaba ya chuo, na nimestaafu nikidhani hakuna atakayeniuliza tena.

Nimekupatia vitabu vitatu. Annet, mwenzako wa kazini, amemaliza likizo yake Bukoba na anapitia hapa Jumatatu. Atakuletea pamoja na barua hii.

Anza na kile kinene kilichokatika jalada na kurasa za mwanzo. Kinaeleza jinsi watu weusi waliotoka utumwani Marekani walivyoletwa kwenye pwani ile miaka mia mbili iliyopita, na jinsi walivyotangaza taifa lao mwaka 1847. Soma polepole pale wanapojenga nyumba zenye baraza pana kama za mabwana waliowatesa, na kuwafanya wenyeji waliowakuta kuwa watu wa kuwabebea mizigo. Nilisoma hapo mara mbili. Ukifika kwenye mapinduzi ya 1980, mawaziri wanafungwa kwenye nguzo ufukweni na kupigwa risasi huku watu wakishangilia, utakuwa umeshajua hasira ile ilitoka wapi.

Kile chembamba ni ushuhuda wa watu waliopona vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata. Hicho usisome zaidi ya kurasa mbili kwa siku, na usisome ukiwa zamu. Cha tatu kimeandikwa na mwandishi wa habari mgeni anayehesabu maiti kama mtu anayehesabu sangara kwenye mzani. Ramani zake ni nzuri. Tazama ramani.

Hayo ningeweza kukuandikia ndani ya wiki moja. Lakini nina tabia ya kusoma kwa sauti, unaijua, na kile kinene kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nikawa nasoma barazani huku nikifasiri kama niko darasani. Baba yako mdogo alikuwa pembeni anapembua maharage.

Unajua kwamba Yeremia alikuwa askari, na kwamba mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa Watanzania waliopelekwa Liberia kulinda amani. Ulikua humu ndani ukijua pia kwamba hilo haliulizwi. Tulichojua ni kwamba sikio lake la kushoto halisikii, basi. Ulipotuaga unakwenda Monrovia alikushika mkono tu, akatoka nje. Nilidhani ni ukavu wake.

Alasiri ile nilifika kwenye aya fupi isemayo kwamba katika mji mmoja wa bara, wapiganaji waliwanyang'anya walinda amani silaha, wakawashikilia siku chache na kuwaachia, na hasara ilikuwa ndogo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Alinyanyuka, akanichukulia kitabu, akakiweka karibu na macho ingawa mtoto wa jicho hamruhusu kuona herufi. "Machibya," akasema. "Hiyo hasara ndogo ni Machibya."

Machibya alikuwa rafiki yake kutoka Magu, walijiunga jeshini pamoja. Mjane wake, Modesta, anakaa Igoma. Siku zote tulijua Machibya alipigwa risasi moja, akafa papo hapo bila maumivu. Yeremia mwenyewe ndiye aliyerudi na habari hiyo.

Akakaa, akanieleza. Nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu uko huko, na kwa sababu kaniruhusu.

Walikuwa askari tisa wakilinda shule iliyojaa watu waliokimbia vijiji vyao. Alikuwepo mwanamke anaitwa Korto, aliyewapikia watu wali na kuwafasiria askari. Asubuhi moja, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, wapiganaji walitokea pande zote. Baadhi walivaa mawigi ya kike. Mmoja alivaa gauni la harusi, na juu yake mkanda wa risasi. Wale tisa walizungukwa kabla hawajafunga viatu, wakanyang'anywa bunduki.

Kisha wanaume walitolewa mmoja mmoja na kuamriwa waseme jambo lolote, ili isikike ni wa kabila gani. Waliokosea lugha walikatwa mapanga palepale kisimani. Baba yako mdogo anasema mlio wake ni kama wa mtu anayepasua kuni mbichi. Anasema kisima kile kilikuwa na ndoo nyeupe, na hakuna aliyefikiria kuiondoa.

Wanaume saba walikuwa wamejificha ndani ya stoo ya chaki na madaftari, nyuma ya darasa. Miongoni mwao alikuwemo mume wa Korto na mdogo wake. Waliojua ni Korto na askari wawili, Yeremia na Machibya.

Kamanda wa wapiganaji alikuwa kijana mwembamba, mchekeshaji. Alikuwa na hakika kwamba wapo waliofichwa. Akampigisha Machibya magoti, akamwekea panga shingoni, akamgeukia Yeremia. "Wako wapi?"

Machibya akamwambia Yeremia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia: "Usitazame."

"Sikufungua mdomo," baba yako mdogo aliniambia. "Naapa, Dorotea, sikusema neno. Lakini macho yangu yalikwenda. Sikuyatuma."

Kamanda aliyafuata yale macho mpaka kwenye mlango wa stoo. Wakauvunja. Saba wale walitolewa wakiwa weupe kwa vumbi la chaki. Korto alimng'ang'ania kamanda mguu, wakampondaponda vidole kwa kitako cha bunduki mpaka akaachia. Watu saba waliuawa mbele yake. Walipomaliza wakamrudia Machibya, na lile panga halikuwa na makali tena. Sitaandika zaidi ya hapo. Yeremia alipojaribu kunyanyuka, kitako cha bunduki kilimpasua sikio. Siku ya nne waliachiwa, wanane.

Mwanangu, sikumbembeleza. Nilikasirika. Miaka thelathini nimelala na mtu huyu nikidhani ananinyamazia mimi. Niliingia jikoni nikakalia ndoo, nikalia kwa hasira, halafu kwa jambo jingine nisilolijua jina.

Kesho yake alivaa shati la kanisani, akasema anakwenda Igoma kwa Modesta.

"Mwache mama wa watu na amani yake," nikamwambia.

"Si yake. Ni uongo wangu aliobeba."

Tulikwenda wote wawili. Modesta alikuwa uani anatwanga kisamvu. Mwanawe, Shimba, fundi wa kuchomelea, alikuwa anaunga geti la mtu. Huyo alikuwa na miezi mitatu baba yake alipouawa, hawakuonana kamwe. Walitukaribisha viti. Yeremia hakukaa. Alisimama mbele ya kinu, akaeleza yote kama alivyonieleza, wala hakuacha panga, wala hakuacha macho.

Modesta aliendelea kutwanga. Nilidhani hasikii. Yeremia alipofika pale kwenye mlango wa stoo, mchi ulinyanyuka juu na haukurudi kinuni. Ulimshukia Yeremia begani. Nilisikia mfupa ukivunjika, Evelina, nilisikia kabisa. Akaanguka kwa goti moja. Modesta akampiga pigo la pili mgongoni. Yeremia hakuinua mkono kujikinga. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Shimba alimkumbatia mama yake kwa nyuma. "Mama, utaua mtu!"

"Niache! Miaka thelathini namtaja huyu kwenye sala zangu! Namshukuru Mungu kwamba mume wangu alikuwa na rafiki karibu yake!"

Alipigana na mwanawe mpaka nguvu zikamwishia. Mchi ukaanguka. Akamtazama Yeremia pale chini, jasho linamtoka kwa maumivu.

"Alilia?"

"Hakulia. Aliniambia nisitazame."

"Na wewe ukatazama."

"Nikatazama."

Modesta akakaa chini kwenye vumbi na kisamvu kilichomwagika. Kisha Shimba, lile jitu la miaka thelathini na moja, akapiga magoti karibu na baba yako mdogo na kuuliza kwa sauti ndogo, "Baba alikuwa na sauti gani?"

Yeremia alifikiri. "Nzito. Na herufi r ilimshinda. Risasi aliita lisasi. Sajenti alimzungusha uwanja mzima kwa ajili ya neno hilo, na aliporudi akasema, 'Afande, lisasi ni ileile tu.'"

Shimba akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikamgeukia katikati.

Ni Modesta aliyesema twende hospitali, naye akapanda gari pamoja nasi. Daktari alipouliza kilichotokea, baba yako mdogo akasema ameanguka. Modesta akamkatiza: "Hakuanguka. Nimempiga mimi." Daktari akatutazama wazee watatu, akaandika kitu, akaenda kutafuta bendeji.

Usidhani yamekwisha. Modesta hajamsamehe, na alimwambia hivyo akimtazama machoni. Lakini Jumapili iliyopita alikuja na Shimba. Alimuuliza Yeremia mambo madogo madogo: Machibya alikuwa anakula nini kule, alilala upande gani wa hema, aliwahi kuumwa malaria. Yeremia alijibu yote. Alipochoka alisema amechoka, wakaondoka. Sijui watarudi.

Ndiyo maana sina haraka ya kukuambia uwaulize wagonjwa wako. Soma vitabu hivi, ujue ukubwa wa kilichopita. Lakini mama yule wa chini ya kitanda usimchokonoe. Akikuambia leo kuna joto, mjibu kwamba ndiyo, lipo, na umletee maji. Kaa naye. Huenda naye ana mlango wake alioutazama, au alitazamwa yeye. Huwezi kujua ni lipi kwa kumwona amelala.

Kuna jambo la mwisho, nalo limetoka kwa baba yako mdogo mwenyewe. Nimemwuliza mara tatu kama anataka niliandike, akasema andika. Korto hakuuawa siku ile. Askari walipoachiwa, Yeremia alimwacha ameketi kwenye ngazi za shule, vidole vya mkono wa kulia vimefungwa kwa kipande cha kanga. Kama yu hai, ana miaka zaidi ya sitini. Nimeandika jina la mji ule kwenye karatasi ndani ya ramani. Wenye jina la Korto ni wengi huko, najua, na pengine hutampata. Usiache kazi yako kumtafuta.

Lakini ukikutana naye, usimwombee Yeremia msamaha. Amekataza kabisa. Mwambie tu kwamba yule askari angali hai, anaitwa Yeremia Ndalahwa, anakaa Pasiansi, Mwanza, kando ya ziwa, na kwamba hakuwasahau wale saba. Umpe anwani, alisema, ili mama yule akiwa na neno la kumwambia, hata kama ni tusi, ajue pa kulipeleka.

Jonathan na Rose wanakusalimu, na wanangoja umchagulie mtoto jina la pili. Annet atakusimulia ya Bukoba mwenyewe. Modesta hakujui, ila aliposikia nakuandikia alisema nikusalimu, na nikuambie uvae viatu vya kufunika vidole huko wodini. Baba yako mdogo ameweka dole gumba hapa chini ya karatasi, maana mkono wa kuandikia ndio uliofungwa.

Mungu akutangulie mahali unapoingia na akufunike unapotoka. Mikono yako iwe nyepesi kwa walioumia.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,

Mama yako mdogo,
Dorotea