Mume Wangu Kapimwa Uzazi Lindi

Dada Zaina, shikamoo. Jua la Lindi linachoma kweli, na leo nimekula pweza wa nazi mpaka kanga imenibana.

Hapa hospitali kuna daktari anayechunguza mambo ya uzazi. Anauliza kwa nini wanawake wengi siku hizi wanazaa kwa kupasuliwa, na ndoa ikikosa mtoto anampima mume pia. Mume, dada! Juzi asubuhi wanaume walijaa mlangoni kwake, na kila aliyeulizwa alisema jino linamuuma. Athumani wangu akasimama, akasema kwa sauti, "Mimi nimekuja kupimwa uzazi." Kisha bwana mmoja wa kijiji cha Kitomanga akasema, "Basi na mimi, jino langu liko hukohuko." Kicheko kilitufikia sisi wake zao uani.

Majibu tumepewa leo. Mimi mzima. Tatizo liko kwake, tangu alipougua matubwitubwi ujanani. Tulipofika sokoni akanishika mkono, akasema, "Miaka yote hii wamekusema wewe, na mama ameshanitafutia mke wa pili."

Nilitaka kununua bahasha nikuandikie kwa siri, akanizuia. "Andika kwenye kadi ya posta, isiyo na bahasha. Wa posta asome, na dada amsomee mama."

Basi msomee mama mkwe wangu, dada, taratibu, akiwa ameshakula. Nibusie wanao wote.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi