Mchicha wa Chini ya Dirisha la Bibi

Babu,

Shikamoo. Usipoitika leo nitakusamehe, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa unachelewesha marahaba makusudi ili nibaki nimeinama kama mjinga.

Ni mimi Deo, mjukuu wako mzuri kuliko wote Keza nzima. Usicheke. Naandika kwenye daftari langu la hesabu la kidato cha pili, lile lenye kurasa safi nyingi kuliko zilizoandikwa, na sababu unaijua. Bibi kajilaza baada ya chakula cha mchana. Nimekaa mlangoni, jua linanichoma magoti, lakini sisogei, maana akiamka akanyanyuka peke yake nitakuwa nimeshindwa tena. Nimechoka, Babu. Miguu imechoka, mgongo umechoka, hata mdomo umechoka, na wewe unajua ni mdomo wa namna gani.

Nianze na huo mdomo.

Unakumbuka nesi wa zahanati alipokubadilishia vidonge vya presha, ukaanza kwenda choo kila mara? Masika ilikuwa imekolea, njia ya kushuka chooni katikati ya migomba ikawa utelezi mtupu. Ukawa unaniita, "Deo, njoo unishike." Nakuja, nakushika kiwiko, tunashuka. Siku ile wazee wenzako walikuwa wamekuja na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Uliponiita mara ya tatu nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Babu, wewe na choo si mfunge ndoa tu? Nimwite katekista awatangaze Jumapili?" Wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Wewe pia ulicheka. "Na wewe ndiye utakuwa msimamizi wangu, mpumbavu wewe." Nikajiona bingwa. Mjukuu asiyemtania babu yake ni mjukuu gani? Ndivyo mlivyotulea.

Kesho yake hukuniita.

Nilikuwa nyuma ya nyumba narudishia mnyororo wa baiskeli, nikasikia Bibi anapiga yowe. Ulikuwa umechukua fimbo yako ukashuka peke yako. Nilikukuta umelala ubavu kwenye tope, mguu umegeukia nje, unanitazama kama wewe ndiye uliyekosea. Ukasema, "Sikutaka kukusumbua."

Sikutaka kukusumbua. Mimi, Babu. Mimi niliyekuwa nasumbua kijiji kizima.

Halafu shujaa wako nikakunyanyua kama gunia la maharage, nikakupakia kwenye pikipiki ya jirani, yeye mbele, mimi nyuma, wewe katikati. Nesi alipotuona alishika kichwa. Akaniambia mzee akianguka na mguu ukageuka vile hanyanyuliwi hovyo. Anaachwa alivyolala, anafunikwa asipigwe na baridi, wanaitwa watu, unaletwa ubao au hata mlango, anabebwa amenyooka. Sasa najua. Nyonga ilikuwa imevunjika. Ukarudi kutoka hospitali kuja kulala tu, wiki ya tatu kifua kikaanza, na wewe ukaondoka.

Ile ndoa ya choo sikumwambia mtu. Wazee walicheka wakasahau. Mimi sikusahau.

Basi, tulipokuzika niliapa mambo mawili. Bibi hataanguka. Na sitamtania tena mzee yeyote.

La kwanza nililifanya kwa fujo. Nimechonga ngazi kwenye ile njia, nikamwaga changarawe, nikasimika fito za mkaratusi kuanzia mlango wa nyuma hadi chooni, mtu anashika kwa mkono mwanzo mwisho. Mwenyekiti wa kitongoji alipita akasema hajawahi kuona uzio wa namna hiyo. Nikamwambia huo si uzio mzee, hiyo ni barabara ya lami. Nimeondoa ule mkeka uliokuwa unamkwaza. Kwa siku za mvua nimetengeneza kigoda chenye tundu, ndoo chini yake, kando ya kitanda. Fundi mimi! Na kila asubuhi nikawa namwekea jagi la maji na kikombe chake cha bati.

La pili nalo nililiweza. Nikawa na adabu hadi majirani wakaniuliza kama naumwa. Bibi akitaka kwenda nampeleka kimya, namrudisha kimya. "Asante." "Haya, Bibi." Tumemaliza.

Jagi lilikuwa tupu kila jioni. Nikajisifu mpaka kilabuni kwamba Bibi wangu anakunywa maji kama ndama. Chooni alikuwa anakwenda mara moja tu kwa siku. Jagi zima linaingia, mara moja linatoka! Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeikataa, lakini si unaona daftari langu lilivyo safi.

Halafu ukaja mchicha. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, ila chini ya dirisha la Bibi ukaota mchicha wa kijani kibichi, majani mapana kama kiganja. Nikawa naleta watu waje kuutazama. "Huu ni mkono wangu," nawaambia, ingawa sikuupanda. Tuliuchuma, tukaula na ugali, na Bibi mwenyewe akausifu.

Siku moja mchana narudi kutoka kuchuma kahawa, namkuta kakaa penye maharage yaliyoanikwa, midomo imepasuka, ananiita kwa jina lako. Ananiagiza nikawaswage mbuzi, wale waliokufa mimi sijazaliwa. Niliogopa kuliko hata siku yako, maana siku yako sikujua kinachofuata.

Safari hii hakuna pikipiki. Niliita vijana, tukambeba kwa machela. Nesi akamfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. "Huyu kaishiwa maji. Mkojo wake una rangi gani?" Sijui. "Mara ya mwisho kumwona akinywa, kwa macho yako, ni lini?" Mimi ninayejua kila kitu nikatazama ndala zangu. Akamtundikia dripu, huku ananifundisha kama mtoto: kiu haimwambii mzee kama inavyotwambia sisi, usimwekee maji ukaondoka, mpe mkononi, kidogo kidogo, kaa naye amalize. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, ongeza maji. Na akianza kuchanganya maneno ghafla usiseme huo ni uzee, mlete siku hiyohiyo.

Jioni akili zikamrudia. Nikamuuliza, "Bibi, maji ulikuwa unayapeleka wapi?" Akageukia ukutani. Ndipo nikaukumbuka mchicha.

Nakuandikia alivyosema. "Nikinywa nitataka kwenda. Nikitaka kwenda nitakuita. Na wewe siku hizi unanipeleka kama unasindikiza jeneza. Mwenzangu ulikuwa unamtania. Mimi nimekuwa mzigo kiasi kwamba hata utani sistahili?"

Babu, nililia. Usimwambie mtu huko uliko. Nikamsimulia yote, ndoa, katekista, wazee walivyocheka. Akanisikiliza, halafu akasema, "Alinisimulia siku ileile. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuacha kukuita kwa sababu hiyo. Alikuona mikono ina grisi, akasema mwache mtoto amalize."

Sijui kama ni kweli. Ningesema Bibi hajui kudanganya, lakini alinidanganya na jagi kiangazi kizima. Wewe ndiye unayejua, na wewe ndiye hujibu.

Kwa hiyo utani umerudi, lakini nimeugeuza. Zamani nilimcheka mtu kwa kuita; sasa namcheka asipoita. "Mjane wa Keza, saa nne yote hujaniita, umepata kijana mwingine wa kukusindikiza?" Naye kikombe mkononi: "Mume gani wewe, mwenzio alikuwa na mabega." Anakunywa, namtazama koo linavyopanda na kushuka. Kisha anagonga kikombe kwenye mbao za kitanda, ko ko ko, nakuja, tunashuka kwenye barabara ya lami. Kutwa nzima, Babu. Kuna siku nasikia ko ko ko nikiwa na kijiko mdomoni, namlaani kimoyomoyo, halafu naona aibu, halafu naenda. Sijui mama zetu wanawezaje kazi hii bila kujisifu. Mimi najisifu na bado nimechoka.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Burundi. Mvua zikirudi, njia ile italowa tena, na nimeiogopa tangu sasa. Siwezi kukuahidi kwamba Bibi hatakufa. Mimi si Mungu, ingawa nimewahi kujaribu. Nakuahidi hiki tu: kwenye ile njia hatashuka peke yake, na hatakaa na kiu kwa kuniogopa mimi. Mikono iwe na grisi, iwe na ugali, nitakuja.

Mchicha wa dirishani umekauka wote. Jana nimeung'oa. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia mboga kufa.

Lala, Babu. Huyo ameamka, anagonga.

Deo, msimamizi wako