Siku Mama Alipokaa Meza Isiyo Yetu

Kapsoya,
Eldoret.
21 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Akello,

Habari za huko Perth? Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, Brian na mtoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kupungua kama ulivyosema. Kifua cha mtoto kimepona? Sisi huku hatujambo. Mvua bado inanyesha karibu kila alasiri na watu wana wasiwasi na mahindi yaliyo shambani. Naomi wangu amerudi chuoni, na mimi mguu ule uliokuwa ukinisumbua umepata nafuu, ninasimama darasani bila shida.

Barua hii anakuletea Stephen wa kanisani kwetu, anayekuja huko kusoma. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini kila nikianza kurekodi mtu ananiita. Tena mambo haya nataka uyapate kwa utaratibu, wewe kwanza, halafu umpe Brian asome.

Mlipouliza ile wikendi ya hoteli ilikuwaje, nilijibu tu kwamba tulilala vizuri na chakula kilikuwa kizuri. Ni kweli, lakini sikusema yote. Mama alikuwa amenikataza kuwaambia lolote mpaka mambo yaishe. Sasa ameniruhusu.

Kwanza pokea shukrani. Mlipotuandalia zile siku mbili za kupumzika, Mama alikataa kabisa. Aliposikia hoteli, alifikiri ni ya kula, akauliza kwa nini mtu asafiri kutoka Moiben kwenda mjini kunywa chai wakati ng'ombe wako hapa. Nilipomweleza kwamba ni ya kulala, akasema kitanda anacho. Ilibidi pasta wake amwambie kwamba kukataa zawadi ya watoto si vizuri, ndipo akakubali, kwa sharti kwamba turudi Jumapili kabla ya kukamua jioni.

Ijumaa hiyo nilimchukua nyumbani. Alikuwa amevaa ile sweta yake ya kanisani na amebeba mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye chupa, maana hakuamini kwamba maziwa ya mjini yanaweza kulala na kuamka mazuri. Wanyonyi, yule anayetusaidia na ng'ombe, alipewa maagizo mpaka nikamhurumia.

Hoteli iko katikati ya mji, karibu na Uganda Road, ya ghorofa, na mlango wake ni kioo kitupu. Mama alikuwa mbele yangu. Alitembea moja kwa moja mpaka paji la uso likagonga kile kioo. Mlinzi wa pale, mzee mmoja anayeitwa Ephantus, alimshika mkono kabla hajayumba.

"Pole sana, Mama. Hii mlango inasumbua watu wengi, tunaisafisha sana," akamwambia.

Mama akacheka, na mimi nikacheka. Niliona ni ushamba wa kawaida tu, hata mimi kioo kama hicho kimeshanipata.

Kwenye lifti alinishika mkono, na kwenye korido alipapasa ukuta mpaka mlangoni. Nikafikiri ni uoga. Chumba kilikuwa kikubwa, vitanda viwili, shuka nyeupe. Nilifungua pazia la dirisha moja nikaona mji wote: bodaboda, mabati ya soko, na mbali kabisa giza la msitu upande wa Kaptagat. Nikamwambia, "Mama, hebu ona Kaptagat kule."

"Ndiyo, kunapendeza," akasema.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama mbele ya lile dirisha lingine, ambalo pazia lake nilikuwa sijalifungua.

Akello, niliona jambo hilo na nikaliacha lipite. Nilijiambia amechoka na safari. Jioni mhudumu alipoleta menyu, Mama alisema atakula ninachokula mimi. Alipoletewa kuku, aligusa ukingo wa sahani kwa ncha za vidole, pole pole, kuizunguka yote, kabla ya kuanza kula. Nalo nikaliona.

Jumamosi asubuhi tulishuka kupata kiamshakinywa. Pale kila mtu anajipakulia, na watu walikuwa wengi kwa sababu kulikuwa na wageni wa harusi. Nilimwonyesha Mama meza yetu, nikamkalisha, nikaenda kumchukulia uji. Kwenye foleni nikakutana na mwalimu mwenzangu wa zamani, tukasimama kuongea. Niliporudi na bakuli, kiti cha Mama kilikuwa kitupu.

Nilitazama huku na huku, nikamwona upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa ameinuka kunitafuta, na sasa alikuwa amekaa na mwanamke nisiyemjua, aliyevaa sweta ya kijani kama yangu. Alikuwa amemshika mkono na anamwongelesha kwa lugha yetu, polepole, karibu na sikio. Nilikaribia nikasikia anachosema. Alikuwa akisema, "Jemutai, nirudishe nyumbani leo. Hapa nitaumia. Nyumbani ninajua kila kitu kilipo."

Yule mwanamke hakuwa akielewa hata neno moja. Lakini hakutoa mkono wake. Alikuwa akiitikia tu kwa kichwa na kusema, "Sawa, Mama. Sawa." Aliponiona nimesimama na uji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye msichana wake?"

"Mimi ndiye."

"Anadhani mimi ni wewe. Dada, usikasirike nikikuambia, huyu mama haoni. Mama yangu alikuwa hivi hivi. Nyumbani alikuwa anapika na kufua, hatukujua. Tulikuja kujua siku tulipomhamisha nyumba."

Jina lake ni Shiko, alikuwa ametoka Nakuru kwa ile harusi. Mama aliposikia sauti yangu inatoka juu yake badala ya mbele yake, aliachilia ule mkono kama umemchoma. Nilimwinua taratibu tukaenda zetu, na uji nikauacha mezani kwa Shiko.

Chumbani nilimkalisha kitandani nikamuuliza wazi, "Mama, unaona nini sasa hivi?"

Aligeuza uso kuelekea dirishani. Kisha akasema, "Naona moshi. Dirishani moshi mweupe, na wewe moshi mweusi."

"Tangu lini?"

"Ulianza kidogo kidogo. Sijui tangu lini. Ng'ombe ninawajua kwa kuwashika. Njia ya kwenda kisimani inajulikana na miguu. Wanyonyi anajua, nilimwambia akisema kwa mtu yeyote, atafute kazi kwingine."

Niliuliza kwa nini alinificha mimi, mtoto wake, ninayefika pale kila mwezi. Hapo ndipo aliponijibu kwa ukali, na ninakuandikia maneno yake yalivyokuwa: "Kwa sababu wakati wa Krismasi niliwasikia wewe na Brian kwenye simu. Mlikuwa mnapanga nihamie kwako Kapsoya, na ng'ombe wauzwe. Hiyo ilikuwa mkidhani ninaona. Mngejua sioni, ningemaliza hata wiki moja pale kwangu?"

Ni kweli tulipanga, na wewe unajua tulipanga kwa nia njema. Lakini yeye alikuwa ameishi miezi yote hiyo akijifunza kutembea kama mtu anayeona, ili asitolewe kwake.

Sasa, wifi yangu, nakuja kwenye jambo linalokuhusu, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Uliniambia siku moja, ukilia, kwamba Mama hajawahi kusema neno la maana kuhusu mtoto tangu azaliwe. Kwamba unatuma picha, anasema "ni mzuri", basi. Ulifikiri alikasirika mlipompa mtoto jina la mama yako, Apondi, badala ya jina la huku. Mimi nilikujibu kwamba Mama si mtu wa maneno mengi, lakini ndani yangu nilikuwa na shaka kama yako.

Pale kitandani alisema mwenyewe, bila mimi kumuuliza: "Mtoto wa Brian sijamwona hata siku moja. Mnanipa simu, ninasema ni mzuri. Niliogopa kuongeza neno, msije mkaniuliza amefanana na nani."

Hapo ndipo nililia. Yeye hakulia. Aliniambia nimtafutie chai.

Hatukurudi nyumbani siku hiyo. Kuna kliniki ya macho hapo mjini inayofungua Jumamosi, tukaenda kwa miguu, nimemshika. Daktari, msichana mdogo tu, alimtazama kwa mashine yake, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na utando wake umeiva kabisa. Akasema unatolewa, na kwamba mtu hulala nyumbani kwake siku hiyo hiyo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

Daktari akashangaa, akamwita nyanya kwa lugha yetu. "Gogo, hutaki kuona?"

"Ninataka. Lakini huyu aseme kwanza kwamba nitarudi Moiben. Aseme mbele yako."

Daktari alinitazama. Nilitaka kusema tutaongea na Brian kwanza, tuone jinsi atakavyopona. Niliona uso wa Mama umeelekezwa kwangu, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa, akisubiri. Nikasema, "Utarudi Moiben, Mama. Na ng'ombe hawatauzwa mpaka useme wewe." Sikuwauliza nyinyi. Mkitaka kunilaumu, nilaumuni.

Usiku huo wa pili hotelini ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, kwa sababu hapakuwa tena na la kuficha. Nilimtembeza chumba kizima mkono kwa mkono: hapa kitanda, hapa meza, hapa mlango wa bafu, bomba la moto kushoto. Baada ya hapo akaenda mwenyewe akaoga maji mengi, nikasikia anaimba wimbo wa kanisani. Alikunywa mursik wake, akammiminia na mhudumu aliyeleta taulo. Jumapili asubuhi tulimkuta Shiko pale chini akiondoka, na Mama akamwomba msamaha kwa Kiswahili chake. Shiko akamwambia, "Mama, hata mimi nilifurahia kushikwa mkono." Wameachiana namba.

Jicho la kulia lilifanywa mwanzoni mwa mwezi huu. Nilikuwa na hofu, siwezi kukudanganya. Nilikaa pale nje kwenye benchi nikisoma tangazo moja la ukutani mpaka nikalijua. Kesho yake tulirudi kufunguliwa bandeji. Muuguzi aliitoa pole pole. Mama alipepesa, machozi yakamtoka, akapangusa, akanitazama muda mrefu.

"Jemutai," akasema, "una mvi!"

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea meza. Mama akaendelea, "Na umekonda. Nani anakupikia?" Kisha akanyoosha mkono. "Leta simu. Nionyeshe huyo mtoto."

Nilimwonyesha picha zote ulizonitumia, Akello, kuanzia ile ya hospitalini amefungwa blanketi. Alizitazama moja moja. Ile ambayo mtoto amekaa kwenye majani amekunja uso, alikataa kuipita. Akasema huo uso ni wa marehemu baba yetu, mimi na Brian, wakati mvua inapokataa kunyesha. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walionyeshwa mmoja mmoja, hata waliofungwa macho walielezwa.

Nilimuuliza wazi kuhusu jina, maana nilijua ungetaka kujua. Akanitazama kama nimesema upuuzi. "Apondi ni jina zuri. Mtoto kuitwa nyanya yake, nani atakasirika na hiyo? Nilikuwa ninalitamka vibaya, ndiyo maana nilikuwa silitaji. Nifundishe." Tukakaa pale tukifanya mazoezi ya jina la mama yako. Sasa analisema sawasawa, au karibu.

Amerudi Moiben kama nilivyoahidi. Wanyonyi ndiye anayeteseka, kwa sababu Mama ameona magugu, ameona masizi ya jikoni, ameona ndoo zilivyobonyea, na kila siku anagundua kitu. Jicho la kushoto litafanywa mwezi ujao. Yule ndama aliyezaliwa Julai alikuwa akimwita mweusi. Amekuta ni mwekundu, na jina halibadilishi.

Jumapili iliyopita nilipokuwa pale nilimwambia ninakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu. Alikuwa anachagua maharagwe uani, peke yake, bila kusaidiwa, akitupa mabovu pembeni.

"Mwambie Akello asinitumie picha tena," akasema. "Amlete."

Basi ndiyo hivyo. Kama Desemba mtaweza, mseme mapema niandae chumba. Kile nilichokuwa nimemtengea Mama sasa ni chenu.

Naomi anawasalimu. Wanyonyi anamsalimu Brian na anamwomba aje amtetee. Nisalimie mama yako, Mama Apondi mkubwa, ukiongea naye kule Homa Bay, na umwambie nyanya mwenzake wa Moiben anamuulizia. Mungu awafunike na kuwalinda ugenini, na awape safari njema ya kuja huku.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda sana,

Jemutai