Nyamisi wa Ikoma

Mama,

Shikamoo. Mwandiko wangu bado unapinda, usinicheke. Tangu tukuzike hapa Itiryo, ulezi umevunwa mara mbili. Paa la jiko lako limeanguka, na kaka hana haraka ya kuliezeka, unamjua. Lakini nakuandikia kwa sababu nimekwenda Ikoma.

Tulipokuwa tukipalilia ulikuwa ukisema, bila kuinua uso, "Baba alinitoa kwa vikapu viwili vya ulezi, mwaka wa njaa. Hakuna aliyekuja kuniulizia." Halafu unanikemea nisikate mche. Ulifika huku una meno ya maziwa, Wakurya wakakuita Gati, ukaolewa, ukazaa sita, ukazika wawili. Jina la kwenu, Nyamisi, ulinitajia mimi tu. Iliniuma sana kwamba ulikufa ukijiona mtoto aliyetupwa.

Nilitembea siku nne. Ng'ambo ya mto Mara nyasi zilinifika kifuani, jua lilikuwa jeupe, nyumbu wakipita polepole, mpaka nikawa sijui kama naota au natembea ndani ya utoto wako. Nilikuita kwa sauti. Ndege tu ndio waliojibu.

Ikoma niliulizia baba yako, yule mwindaji uliyeniambia alikatika kidole. Nikapelekwa kwa bibi mmoja. Nikamwambia natafuta ndugu za Nyamisi. Akageukia shambani, akaita, "Nyamisi! Njoo, una mgeni!"

Akatokea msichana mwenye paji lako la uso. Nikakaa chini pale pale.

Bibi yule ni mdogo wako, Mama, alizaliwa baada ya njaa. Msichana ni mjukuu wake. Mvua iliporudi, baba yenu alikuja Itiryo na vikapu viwili akuchukue. Akaambiwa ndui imekuua. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto, kwa hiyo hawajawahi kukaa bila Nyamisi. Nani alimdanganya? Nadhani ni yule mzee wa huku aliyekulea, uliyempenda sana. Nimemkasirikia, na wewe unisamehe.

Mdogo wako anasema wamekulilia miaka yote wakidhani umekwisha, kumbe ulikuwa unapalilia. Anataka aje akulilie ulipo. Tukimaliza kuvuna nitamfuata mwenyewe, nimshike mkono hadi hapa kaburini.

Kwaheri, Mama. Hukutupwa. Walikuja kukuchukua.

Mwanao,
Robi