Mawe Matatu ya Hakoniwa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza mwenyewe kuwa mkubwa huamkiwa hata akiwa amelala.

Hakoniwa yako bado iko uani. Wakumbuka ulivyorudi na neno hilo kutoka kazini kwako Diani? Mgeni wa Kijapani aliyeipenda bustani uliyokuwa ukiitunza alikufundisha: hako ni sanduku, niwa ni bustani. Nikakucheka. "Mzee mzima wacheza vijumba vya mchanga!" Wala hukujali. Ulijaza mchanga kwenye kreti ya nyanya, ukaijenga nyumba yetu hii ya Msambweni, kisima cha kifuniko cha chupa na ua wa njiti. Watu hukuwachonga, ulisema sanamu huzitaki. Uliweka mawe matatu: jeusi wewe, jeupe Mama, na lenye ncha mimi, kwa huu ukali wangu.

Yule mgeni alikwambia kwao hata waganga wa moyo huitumia. Mtu akishindwa kulisema linalomsumbua, hupewa sanduku apange. Mimi nikaona ni porojo.

Ulipofariki, wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki ndani tukisoma. Kaburi lako sijaliona, Baba. Linaniuma. Basi baada ya arubaini nikalizika jiwe lako pembeni mwa sanduku, nje ya ua wako wa njiti, nikachomeka kijiti cha mrehani.

Mama bado yumo edani kwa kufiwa nawe. Hasemi, na sahani yake hurudi jikoni haijaguswa. Asubuhi moja nikakuta jiwe lake jeupe limetoka ndani ya kijumba cha mchanga, liko mlangoni pake. Nikalirudisha. Kesho yake liko kisimani. Nikalirudisha. Siku ya tatu limeuvuka ua. Wallahi niliogopa! Nilijua ni wewe unamwita. Nikasoma Ayatul Kursiyu mpaka sauti ikanikauka.

Jana baada ya sala ya alfajiri nikachungulia dirishani. Ni Mama mwenyewe. Amechutama na nguo zake nyeupe, analisogeza kwa kidole, taratibu, mpaka likaugusa mrehani.

Afadhali ungekuwa wewe unayemwita.

Leo sikulirudisha. Nilikwenda nikachutama kando yake, nikalichukua jiwe langu, nikalipenyeza katikati yenu, pale pale nilipokuwa nikilala utotoni nikiwapiga mateke. Mama alilitazama. Akaligusa, akauvuta mkono. "Hili lachoma," akasema. Kisha akaomba uji. Alikunywa nusu kikombe, nami nikaenda kulia machozi jikoni.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi kila alfajiri nitachutama naye pale sandukuni, hata akinifukuza. Nawe ukimsikia anakuja, tafadhali usimfungulie. Mwambie arudi. Mimi bado sijamshiba.

Mwanao mkali,
Riziki