Baba, Kesho Haturuki Mtaro

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyokuwa ukinifanya kila nilipoingia chumbani kwako mbio.

Ni Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, na mimi nimekaa kwenye benchi lako klabuni, Mtaa wa Mchikichi, nakuandikia. Nasema nimekaa, lakini nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kufunga dirisha, maana mmachinga wa ng'ambo ya barabara amejirekodi kwenye spika, na spika inasema "jero jero, chagua mwenyewe" tangu asubuhi bila kumeza mate. Mara ya pili nililifungua tena kwa joto. Mara ya tatu sijui niliinukia nini. Chai imepoa kikombeni na mikono haitaki kutulia. Kikundi chetu kinaitwa Utulivu, na jina hilo ulilichagua wewe. Leo ningekuuliza huo utulivu uliuona wapi.

Kesho tunafungua msimu wa miaka hamsini. Ndiyo, hamsini. Kikundi mlichokianzisha watu watano kwenye ua wa nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu, mkiwa na fidla moja, udi mmoja na ngoma ya dumbak ya kuazima, kimefika nusu karne kikipiga taarab ileile ya kukaa ukasikiliza. Tutakuwa na maonyesho sita, kila mwezi moja. La kwanza ni kesho jioni, na tutalipiga pamoja na wageni, wenzetu kutoka Unguja. Sare zimeshashonwa, rangi ya zambarau, na najua ungeguna. Kiti chako cha fidla ya kwanza nimekikalia mimi, mwaka wa kumi huu tangu ututoke.

Kinachoninyima raha si wageni wala sare. Ni mtaro.

Wewe unaujua, ila nauandika kwa sababu barua hii nataka na wengine waisome. Kila onyesho letu hufunguliwa na bashraf, lile pigo refu lisilo na maneno, ambalo uliwafundisha wenzako kwa kusikiliza santuri moja nyeusi kwenye gramafoni ya babu. Na katikati ya bashraf yetu kuna mahali muziki unaruka. Unapanda, unapanda, halafu ghafla uko upande wa pili, na hujui umevukaje. Wewe ulikuwa ukiinua upinde juu, na wote wanaruka nawe. Mkapaita mtaro, kwa ajili ya ule mtaro wa maji machafu mbele ya nyumba yetu, ambao mwenyeji aliuruka bila kuangalia na mgeni akatumbukia. Kila mpigaji mpya alitumbukia. Wote walipiga kelele, "Ametumbukia!" na siku hiyo kahawa na kashata zilikuwa juu yake. Ndiyo ilikuwa namna yetu ya kumkaribisha mtu.

Mimi nilitumbukia nikiwa na miaka kumi na miwili, pamoja na kwamba nilikuwa naisikia bashraf hiyo tangu sijui kufunga viatu. Wote walicheka isipokuwa wewe. Ulifuta upinde kwa kitambaa, ukasema, "Tuanze tena." Kahawa ukanunua wewe. Nilidhani nimekuaibisha, na nilikaa na dhana hiyo miaka mingi.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki hii.

Kuna Mwalimu Neema, hukumjua. Ni binti wa Songea, amesomea muziki, anafundisha shule, na sello yetu, ile fidla kubwa ya sauti nzito, anaipiga yeye kwa mwaka wa nne sasa. Amekulia kwenye kwaya ya kanisa. Alikuja kwetu kwa kufuata sauti ya fidla kutoka barabarani, akabaki. Ana adabu na ana masikio, na vitu hivyo viwili havikai pamoja kwa urahisi. Jumanne, baada ya alasiri, alikuja mazoezini na karatasi za nota walizotutumia wageni.

"Bi Zuhura, naomba usinielewe vibaya," akasema. "Kuna kipande sisi hatuna."

"Kipande gani?"

"Hapa kwenye mtaro. Sio mtaro huu, ni kipande kimepotea. Wageni wanacho. Sisi tukiruka na wao wasiruke, jamani, si tutagongana mbele za watu?"

Akakipiga kwa sello. Ni kifupi, sawa na kuvuta pumzi tano. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa utamu. Mimi nikapandwa na hasira hadi masikio yakapata moto.

"Baba yangu hakukosea," nikasema. "Miaka hamsini watu wanakuja kuusikiliza muziki huu, leo karatasi ndiyo ije kutufundisha? Wageni wataruka na sisi. Mgeni hufuata desturi ya mwenyeji."

Nikaifungia fidla kwenye sanduku lake, nikaondoka. Mazoezi hayajafika nusu! Unajua sijawahi kufanya hivyo hata siku ya homa.

Nilitembea Msimbazi yote hadi bondeni Jangwani, nikageuka, nikarudi, nikageuka tena. Muuza maji mmoja aliponiona mara ya tatu akaniuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikampita. Ile haikuwa hasira ya mtu aliyeonewa, Baba. Ilikuwa hasira ya mtu aliyeshikwa. Kile kipande nilikuwa nakijua. Mwanzo wake ulikuwa ukiupiga mluzi, taratibu, kwenye kibanda chako cha kutengenezea saa, lenzi imebanwa jichoni, umeinamia saa ya mtu. Nikiingia na chai, mluzi umekatika.

"Wimbo gani huo, Baba?"

"Wa zamani. Weka chai hapo, usitikise meza."

Kumbe ulijua kwamba mtaro wetu una kitu ndani. Ukanyamaza, ukawaacha watu wa Tanga na Unguja watuite warukaji wa Kariakoo. Nakumbuka bwana mmoja alikuuliza mbele yangu kama masikio yako yote mawili yanafanya kazi. Ulicheka naye. Mimi nilitaka kumpiga kiatu.

Jumatano asubuhi nikafungua sanduku lako la mbao. Chini kabisa, chini ya joho, nikaikuta santuri imezungushiwa kile kitambaa laini ulichofutia vioo vya saa. Tangu utoto wangu hukuniruhusu kuishika. Nikaipeleka dirishani kuitafuta hitilafu, nikitegemea kuona mkwaruzo wa sindano au ufa wa kuangushwa. Niliona mstari, kisha kona, mstari mwingine, kona, mstari. Nikaigeuza kidogo kwenye mwanga, nikasoma. Ilikuwa herufi Z.

Z kubwa, imeinama upande mmoja, ya mkono wa mtoto, imeandikwa kwa msumari.

Nikakaa sakafuni. Yote yakaja kwa mpigo mmoja. Nilikuwa na miaka sita, na wiki hiyo mwalimu alikuwa ametuonyesha herufi ya kwanza ya jina la kila mtu. Niliandika Z ukutani kwa mkaa, Mama akanichapa. Nikaandika mlangoni kwa chaki. Halafu nikakuta juu ya meza yako kitu cheusi kinachong'aa, cheusi kama ubao wa shule. Nakumbuka kivuli chako kikisimama nyuma yangu. Nakumbuka nilifumba macho nikingoja kofi.

"Hiyo ni nini?" ukauliza.

"Zuhura."

Ukaiinua santuri, ukaitazama kwenye mwanga. Halafu ukasema, "Imenyooka."

Basi. Hukusema lingine, siku hiyo wala miaka yote iliyofuata. Nami nikasahau, kwa sababu mtoto hakumbuki kosa ambalo hakuadhibiwa.

Niliificha santuri chini ya kanga nikaenda nayo Ilala kwa Mzee Kombo. Ndiye peke yake aliyebaki katika wale watano. Macho yamepungua, lakini dumbak hajaiacha, na mtu akipoteza pigo bado anamrushia kofia. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia umewakimbia wenzio. Kulikoni?"

Nikafunua santuri. Akaipapasa kwa kidole gumba, mstari, kona, mstari, wala hakushangaa.

"Ah," akasema. "Umeiona."

"Mlikuwa mnajua?"

"Sote watano. Baba yako alikuwa anatufundisha hatua kwa hatua, hajafika hapo ulipokwaruza; tangu siku ile sindano ikifika hapo inaruka. Santuri nyingine tuliitafuta hadi Mombasa, wapi! Akajaribu kukikumbuka kile kipande, nusu anaipata, nusu inamkimbia. Mwisho akatuita. Akasema, hapa tutaruka. Na atakayemwambia huyu mtoto, asikanyage kwangu tena."

"Si angenichapa tu, yakaisha?"

"Nilimwambia vivyo hivyo. Akanijibu, Kombo, mtoto huyu anakaa chini ya kiti changu kila nikipiga. Akijua ameuharibu muziki, hataushika maishani. Bora sisi turuke."

Sikuweza kumuaga vizuri. Nilirudi Kariakoo kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nakugombeza. Nilikukasirikia, Baba, nakwambia ukweli. Ulibeba kosa langu mbele za watu, ukaitwa kiziwi wa muziki, wewe uliyekuwa ukisikia saa inayochelewa kabla hujaifungua. Na ule mluzi! Nilidhani unaukata kwa sababu nimeingia. Kumbe ulikuwa unaukata pale kumbukumbu ilipokuishia. Miaka yote hiyo ulikuwa kibandani unatafuta nusu niliyokufutia, na mimi nakuletea chai nakuuliza wimbo gani. Halafu hasira ikaisha yenyewe, kikabaki kitu ambacho sijakipatia jina, kinanikalisha na kuniinua mpaka saa hii.

Jana, Alhamisi, nikasimama mbele ya kikundi. Nilianza kwa kumwomba radhi Neema mbele ya wote, maana nilimkosea mbele ya wote. Kisha nikaitoa santuri, nikasema mtaro niliuchimba mimi, kwa msumari, nikiwa na miaka sita. Yule wa jero jero nikamsikia vizuri kutoka ng'ambo ya barabara. Halafu Salmini, anayetupigia nyuzi za kanuni, akapiga paja lake.

"Yaani miaka yote tunatumbukia, tunanunua kahawa, kumbe mchimbaji tunaye humu humu!"

Wakacheka hadi wengine wakatoa machozi. Yangu hayakuwa ya kicheko, ila yalipita humo humo, hakuna aliyeuliza.

Tukaamua: kesho na wageni tunapiga bashraf nzima. Tukaanza. Tulipokaribia mahali pale nikajisemea, usiruke, usiruke. Vidole vyangu vimeuruka mtaro huo zaidi ya miaka arobaini, Baba. Vikaruka. Wenzangu wote wako ndani ya kipande, mimi niko ng'ambo peke yangu, upinde juu, naelea. Na sauti iliyopaa kwanza ilikuwa ya Neema, yule mwenye adabu:

"Ametumbukia!"

Kahawa na kashata zikawa juu yangu. Tukarudia, nikaruka tena. Ya tatu nilifumba macho nikausikiliza mluzi wako. Ukanishika mkono tangu mwanzo wa kipande hadi pale unapokatika, na pale nilitaka kusimama, kwa sababu ndipo ulipokuwa unasimama. Muziki haukusimama. Uliteremka taratibu, ukageuka mara moja, ukatutoa upande wa pili bila mtu kuruka. Ni hivyo tu, Baba. Ungeifurahia ile nusu. Si ngumu hata kidogo, na nadhani ungejicheka kwa kuikosa.

Mzee Kombo anataka onyesho la mwisho la msimu turuke kama zamani, kwa heshima ya wanne mliotangulia. Anasema mtaro nao una miaka hamsini. Sijamjibu. Na kesho yenyewe sina hakika nayo, kwani mara moja kati ya tatu si hesabu ya kujivunia, na watu watakuwa wamejaa hadi uani. Huenda nikaruka. Huenda wageni wakaniona niko hewani na zambarau yangu. Nimeinuka tena kwenye benchi wakati naandika sentensi hiyo, nikarudi.

Nasikia vishindo ngazini, wenzangu wanaingia kwa mazoezi ya mwisho, na kalamu itabidi niiache. Neno moja tu nililotaka kukufikishia huko makaburini Kisutu ulikolala. Uliogopa kwamba nikijua, fidla nitaiweka chini. Sasa najua, Baba. Iko mapajani kwangu, karatasi nimeiegemeza juu yake, ndiyo maana mwandiko wangu haukunyooka.

Mungu akurehemu.

Binti yako,
mchimba mtaro