Wifi Kahamia Penye Moto, Mimi Nimebaki Penye Moshi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la aibu, maana wivu unanila. Mimi ni mzamiaji wa konokono wa baharini hapa kisiwani Jeju, Korea, mama yangu alizamia na bibi alizamia, ila anayeninyima raha ni Geumhwa, mke wa kaka yangu, mtu wa bara, aliyekuwa karani wa benki na alikuja hapa hajui hata kuvaa vazi la kuzamia, na mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote alipokuwa akitumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi kila asubuhi eti ajizoeze, nikamwambia, "Wifi, hapo unatafuta konokono au unanawa?" naye akacheka tu, akarudisha uso majini.

Sasa sikia, kwenye boma la mawe tunakoota moto tukitoka baharini kila mtu ana mahali pake, wazamiaji wakubwa kwa ustadi wanakaa upande usio na moshi, sisi wadogo tunaula moshi, na wiki iliyopita Mama Bu, mkuu wetu, akamwambia Geumhwa, "Wewe wa bara, sogea huku kwetu," kisha akanigeukia mbele ya watu, "Na wewe endelea kuchochea kuni, kazi hiyo unaiweza." Wakacheka, nikacheka nao, huku roho inaniuma.

Ni kweli maji yakiwa baridi huwa nasingizia sikio na kutoka wa kwanza, nasema naenda kuwasha moto, lakini je, ni haki mtu wa bara anipite? Juzi kwa hasira nikaingia kwenye maji ya kina kifupi tuliyowaachia vikongwe peke yao, nikajaza wavu wa konokono, nikautua mbele ya Mama Bu kana kwamba nimetoka kilindini, naye hakusema kitu. Mwezi ujao anachagua mmoja wa kupanda boti ya miamba ya mbali, heshima kubwa kwetu, nami nimeazimia kumfuata Geumhwa hadi anakofika hata pumzi ikatike, na nikishindwa nitasema wifi ana ugonjwa wa kifua na anauficha, ili asichaguliwe. Nifanye lipi?

Binti wa Mzamiaji, Jeju

Majibu

Hutafanya hata moja, binti yangu. La kwanza litakuua, la pili litakutenga na kaka yako.

Pole kwa kuchekwa hadharani, najua inavyochoma. Lakini Mama Bu alisema uongo gani? Kila baridi ilipokubana ulikimbilia kuni, leo unashangaa umezoea kuni. Na usidhani wavu wako ulimpumbaza. Mwanamke aliyezeekea majini hashindwi kumtambua konokono wa maji ya vikongwe. Alinyamaza akingoja useme mwenyewe.

Basi nenda kwa wale bibi uliowaibia, uwaambie ulichofanya, na msimu huu uwabebee nyavu zao hadi nyumbani. Watakusema. Wasikilize hadi wamalize.

Sikio kama linauma kweli, nenda hospitali. Kama haliumi, usilitaje tena. Ingia majini na wenzako na utoke nao, hata ukitetemeka, hata meno yagongane. Ila usichanganye mambo: baridi ivumilie, pumzi itii. Kifua kikidai hewa, panda juu hapo hapo, hata konokono mkubwa akiwa mbele ya mkono wako. Anayeshuka kushindana na mtu hawezi kusikia kifua chake, na nyumba ngapi kijijini kwenu zimelia kwa sababu hiyo, unazijua kuliko mimi. Boti ya mwaka huu isahau.

Limebaki moja, na najua utalikwepa kuliko baridi yote. Kesho asubuhi, kabla hujala, gonga mlango wa kaka yako. Akifungua Geumhwa, usimtanie, usizungumzie hali ya hewa. Mwambie, "Wifi, nifundishe." Ukishindwa kulisema, usiingie majini siku hiyo.